Mwogeleaji anahitaji nini ili apande ngazi za mashindano?

Vijana wengi wa Nyarugusu wana asili ya Uvira na Baraka, kando ya Ziwa Tanganyika. Makazi ya Kyangwali hayako mbali na Ziwa Albert, na Nakivale imechukua jina la ziwa lililo jirani nayo. Si ajabu basi kumsikia kijana akisema: "Hapa hakuna anayeniweza majini. Je, naweza kufika Olimpiki?"

Jibu fupi ni hili: nguvu za ziwani ni mwanzo mzuri, lakini kila ngazi ya mashindano inadai sifa mpya. Baadhi ya sifa hizo ziko mwilini, nyingine ziko kichwani, na nyingine ziko kwenye karatasi. Makala haya yanaeleza sifa hizo moja baada ya nyingine, ili wewe kijana, mzazi au kocha, uwe mkimbizi au mwenyeji, ujue ulipo na hatua inayofuata.

Ngazi zenyewe

Kwa kawaida mwogeleaji hupita ngazi hizi:

- Kujua kuogelea kwa usalama.
- Mashindano ya shule au ya klabu.
- Mashindano ya wilaya, kaunti au mkoa, kisha ya taifa, chini ya chama cha kuogelea cha nchi.
- Mashindano ya kanda na ya bara la Afrika.
- Mashindano ya dunia na Michezo ya Olimpiki, kwa kanuni za World Aquatics, shirikisho la kimataifa la michezo ya majini ambalo zamani liliitwa FINA.

Ni vigumu kuruka ngazi. Hata mwenye kipaji kikubwa huulizwa: uliogelea wapi, umbali gani, kwa muda gani, na nani aliupima muda huo?

1. Utulivu majini

Sifa ya kwanza ni utulivu, na kasi huja baadaye. Mtu anayeogopa maji hukaza mwili, na mwili uliokazwa huzama. Lakini asiyeyaogopa hata kidogo naye yuko hatarini. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu wapatao 300,000 walikufa maji mwaka 2021, na watoto wadogo ndio walio hatarini zaidi. Umoja wa Mataifa umetenga tarehe 25 Julai kila mwaka kuwa siku ya kukumbushana kuzuia vifo hivyo.

Kabla ya kufikiria mashindano, jipime hivi ukiwa na mtu mzima anayejua kuogelea na kuokoa:

- Je, unaweza kuelea chali dakika kadhaa bila kushika chochote?
- Je, unaweza kutoa pumzi uso ukiwa ndani ya maji, bila haraka?
- Je, ukichoka mahali penye kina, unaweza kugeuka chali, ukapumzika, kisha ukarudi mwenyewe?
- Je, unatoka majini mara moja unapoambiwa utoke?

Kama jibu la swali lolote ni hapana, hiyo ndiyo kazi yako ya kwanza.

Kumbuka pia hatari za maji yetu. Baadhi ya maziwa yana mamba na viboko. Katika Ziwa Tanganyika, Ziwa Victoria na Ziwa Albert unaweza kupata kichocho. Huko Kakuma, mto Tarach hukauka kwa muda mrefu kisha hufurika ghafla mvua inaponyesha mbali. Usifanye mazoezi peke yako, wala usiogelee mahali ambapo wenyeji wamekuonya. Wanayajua maji hayo kuliko mgeni yeyote. Ukiona damu kwenye mkojo, nenda kituo cha afya, kwa sababu kichocho kina dawa.

2. Mtindo sahihi

Mashindano ya bwawani yana mitindo minne: kipepeo, mgongo, kifua na mtindo huru. Katika mtindo huru unaruhusiwa kuogelea upendavyo, lakini karibu wote huchagua kulala kifudifudi na kurusha mikono kwa kupokezana, kwa sababu hakuna njia yenye kasi zaidi.

Hapa ndipo waogeleaji wa ziwani hukwama. Ziwani mtu huinua kichwa ili aone mawimbi, mtumbwi na ufuko. Ni tabia nzuri kwa usalama, lakini bwawani inagharimu. Kichwa kikipanda, kiuno na miguu hushuka, na mwili unakuwa kama breki. Ukijiunga na klabu, kocha ataanza kukufundisha mambo haya:

- Kutazama chini, mwili ukinyooka kama ubao juu ya maji.
- Kugeuza uso pembeni kuvuta hewa, na kuitoa taratibu uso ukiwa majini.
- Kupiga miguu kuanzia nyongani, magoti yakijikunja kidogo tu.
- Kuusukuma ukuta kwa nguvu baada ya kugeuka, kisha kuteleza chini ya maji mwili ukiwa umenyooka.

Njia rahisi ya kujipima ni kuhesabu mapigo ya mikono kutoka ukuta mmoja hadi mwingine. Ukifika kwa muda uleule kwa mapigo machache kuliko mwezi uliopita, mtindo wako umekua. Ukiongeza mapigo na muda usibadilike, unachosha mwili bure.

3. Subira ya mazoezi

Kuogelea ni mchezo wa kurudia. Anayeanza anaweza kufanya mazoezi mara 2 au 3 kwa wiki. Katika ngazi ya taifa anahitaji karibu kila siku, na waogeleaji wa kimataifa huingia majini mara mbili kwa siku katika siku nyingi za wiki. Mazoezi hayo hupunguza muda kwa sehemu ndogo za sekunde, na kuna miezi ambayo muda haupungui kabisa. Wengi huacha katika miezi hiyo.

Kwa hiyo kocha hutafuta mtu anayefika kwa wakati, anayesikiliza, na anayeandika alichofanya. Nunua daftari dogo. Andika tarehe, umbali, muda, na jinsi ulivyojisikia. Daftari hilo litamsaidia hata kocha mpya ukihamishwa kwenda nchi nyingine.

4. Kujua sheria, kuanzia kuruka hadi kugusa ukuta

Kuna waogeleaji wanaoshindwa kabla hawajaloa. Ukitoka kabla ya ishara ya kuanza, unaondolewa. Katika mtindo wa kifua na wa kipepeo lazima uguse ukuta kwa mikono miwili kwa pamoja. Katika mitindo mingine mitatu isiyo ya kifua, kichwa lazima kiwe kimetokeza juu ya maji kabla hujapita mita 15 tangu kuanza au kugeuka.

Eric Moussambani wa Guinea ya Ikweta anakumbukwa kwa hilo. Katika Olimpiki ya Sydney mwaka 2000 alipangwa na wenzake wawili katika mchujo wa mita 100 mtindo huru. Wenzake wote wawili waliondolewa kwa kutoka kabla ya ishara, naye akaogelea peke yake. Alikuwa amejifunza kuogelea kwa miezi michache tu, katika bwawa dogo la hoteli. Alimaliza kwa dakika 1 na sekunde 52.72, amechoka kabisa, huku uwanja mzima ukimshangilia.

Kumaliza nako ni ufundi. Katika fainali ya mita 100 kipepeo huko Beijing mwaka 2008, Michael Phelps wa Marekani alimshinda Milorad Čavić wa Serbia kwa sehemu 1 ya 100 ya sekunde. Čavić alikuwa mbele karibu na ukuta na akateleza kuufikia. Phelps aliongeza pigo moja fupi la mikono, akagusa kwanza. Katika fainali hiyohiyo Mkenya Jason Dunford alimaliza wa tano, baada ya kuweka rekodi ya Olimpiki ya sekunde 51.14 katika mchujo, rekodi ambayo haikudumu. Kufika fainali kulimtaka aogelee mara tatu: mchujo, nusu fainali, kisha fainali yenyewe. Mashindano makubwa humtaka mtu awe na nguvu ya kurudia kasi ileile siku inayofuata. Miaka miwili baadaye Dunford alishinda dhahabu ya mita 50 kipepeo katika Michezo ya Jumuiya ya Madola huko Delhi.

5. Muda rasmi

Kuwa wa kwanza katika kundi lako hakutoshi. Kuogelea hupimwa kwa saa, na sifa nyingine zote huishia kwenye namba moja.

Mfano mzuri ni Yusra Mardini, mkimbizi kutoka Syria. Mwaka 2015 alivuka kutoka Uturuki kwenda Ugiriki katika boti ya mpira iliyojaa kupita kiasi. Injini ilipozima, yeye na dada yake Sara waliingia baharini pamoja na wengine ili boti isizame, na baada ya zaidi ya saa tatu walifika kisiwa cha Lesbos. Dunia nzima ilisikia habari hiyo. Lakini aliyekwenda Rio mwaka 2016 na Timu ya Wakimbizi ya Olimpiki alikuwa mwogeleaji aliyefundishwa tangu utotoni na baba yake, kocha wa kuogelea, na aliyekwisha kuiwakilisha Syria katika mashindano ya dunia huko Istanbul mwaka 2012. Alipofika Berlin alitafuta klabu na kurudi kwenye mazoezi.

Huko Rio alishinda kundi lake la mchujo wa mita 100 kipepeo kwa dakika 1 na sekunde 9.21. Hata hivyo alishika nafasi ya 41 kati ya waogeleaji 45, kwa sababu makundi yote hupangwa pamoja kwa muda, na 16 bora tu ndio huingia nusu fainali. Mshindi wa dhahabu, Sarah Sjöström wa Sweden, alitumia sekunde 55.48. Katika Olimpiki ya Tokyo Mardini aliogelea umbali uleule kwa dakika 1 na sekunde 6.78. Kati ya michezo hiyo miwili, mazoezi yake yalimpunguzia chini ya sekunde 3.

Ili muda wako uhesabiwe, uwe umepimwa katika mashindano yanayotambuliwa na chama cha kuogelea, ndani ya bwawa lenye urefu unaojulikana. Bwawa la mita 25 na la mita 50 hayalinganishwi moja kwa moja: kwenye fupi unageuka mara nyingi zaidi, na kuusukuma ukuta kunakuongezea kasi. Muda uliopimwa ziwani kwa simu ya rafiki utakusaidia wewe, lakini hauingii kwenye orodha yoyote.

Kwa Olimpiki, World Aquatics huweka viwango viwili vya muda: cha juu, kinachompa mwogeleaji haki ya kuingia kama nchi yake itamteua, na cha chini kidogo, kinachompa nafasi ya kufikiriwa. Nchi isiyo na aliyefikia viwango inaweza kuombewa nafasi ya mwanamume mmoja na mwanamke mmoja. Nafasi hiyo ni ya raia wa nchi husika. Mkimbizi huingia kwa mlango mwingine, tutakaoueleza chini.

6. Moyo wa kuanza upya

Rami Anis, mwogeleaji kutoka Aleppo, alikimbilia Uturuki mwaka 2011. Alifanya mazoezi huko, lakini hakuweza kushiriki mashindano kwa sababu hakuwa raia. Baadaye alivuka kwenda Ulaya, akapokelewa Ubelgiji na kupata kocha katika mji wa Ghent. Huko Rio aliogelea mita 100 mtindo huru kwa sekunde 54.25, muda wake bora kuliko yote aliyowahi kupata. Hakufika nusu fainali. Ila baada ya miaka ya kufungiwa nje ya mashindano, alikuwa na kasi kuliko wakati wowote.

Abbas Karimi alizaliwa Afghanistan bila mikono. Aliondoka nchini akiwa na miaka 16, akaishi katika kambi za wakimbizi nchini Uturuki bila kuacha mazoezi. Mwaka 2017 alishinda medali ya fedha katika mashindano ya dunia ya waogeleaji wenye ulemavu huko Mexico City, akawa mkimbizi wa kwanza kupata medali katika mashindano hayo. Jirani zetu wa Uganda nao wana Husnah Kukundakwe, aliyeshiriki Michezo ya Paralimpiki ya Tokyo akiwa na miaka 14, mdogo kuliko wanamichezo wote waliokuwepo. Kama una ulemavu, usiambiwe kuwa mchezo huu si wako. Waogeleaji wenye ulemavu hupangwa katika madaraja kulingana na hali ya mwili, kuona au uelewa, ili washindane na wanaofanana nao.

7. Hati

Sifa hii haifundishwi na kocha yeyote, lakini inaweza kufunga mlango uliofunguliwa na nyingine zote. Moussambani, yule wa Sydney, aliendelea na mazoezi hadi akashuka chini ya sekunde 57 katika mita 100. Hata hivyo hakushiriki Olimpiki ya mwaka 2004 kwa sababu ya matatizo ya viza. Miaka mingi ya kazi ilikwama mezani.

Hakikisha mambo haya:

- Jina na tarehe yako ya kuzaliwa vimeandikwa sawasawa kwenye usajili wako wa ukimbizi, vyeti vya shule na kadi ya klabu. Tofauti ndogo leo huwa tatizo kubwa wakati wa kuomba hati ya kusafiria.
- Unajua kanuni za kutoka nje ya makazi. Tanzania na Kenya zinadai kibali cha kutoka kambini. Uganda inampa mkimbizi uhuru wa kutembea chini ya Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 2006. Omba kibali mapema, ukiwa na barua ya klabu au shule inayotaja tarehe na mahali.
- Unatunza nakala za matokeo rasmi.

Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki hutoa ufadhili kwa wanamichezo wakimbizi wa kiwango cha juu, na wengi wa Timu ya Wakimbizi hutoka humo. Maombi hupitia kamati ya Olimpiki ya nchi uliyopo, na lazima hadhi yako ya ukimbizi iwe imethibitishwa. Kamati haipokei maombi ya kipaji kitupu. Inaangalia matokeo.

Kwa nini Kakuma ilitoa wakimbiaji?

Timu ya kwanza ya wakimbizi, ile ya Rio, ilikuwa na wanamichezo 10. Watano walikuwa wakimbiaji kutoka Sudan Kusini waliokuwa wakiishi Kakuma. Waogeleaji walikuwa wawili, Mardini na Anis, na wote walijifunza katika mabwawa ya miji ya Syria kabla ya vita. Mkimbiaji anahitaji barabara, na barabara ni bure. Mwogeleaji anahitaji bwawa, maji safi, kocha na nauli.

Tunasema haya ili ujue ukweli kabla ya kujipangia malengo. Kwa kijana aliye mbali na bwawa, ngazi mbili za kwanza, yaani usalama na mashindano ya shule au klabu, ndizo za kulenga sasa. Nazo zina thamani yake: anayeogelea vizuri anaweza kufundisha wengine na kuokoa maisha, na anaweza kuajiriwa kama mwokoaji kwenye mabwawa au fukwe.

Kama hakuna bwawa karibu

- Imarisha mwili nchi kavu: kukimbia, kuruka kamba, pampu, na mazoezi ya tumbo na mgongo.
- Nyoosha mabega na vifundo vya miguu kila siku. Kifundo laini hupiga maji vizuri zaidi.
- Uliza shule na hoteli za mji wa karibu kama zinaruhusu kikundi kutumia bwawa kwa saa chache kwa wiki. Kikundi cha wakimbizi na wenyeji kwa pamoja husikilizwa zaidi kuliko mtu mmoja.
- Usijaribu kubana pumzi muda mrefu chini ya maji kwa kushindana. Mtu anaweza kuzimia bila dalili yoyote na kufa maji.

Kwa wazazi, makocha na viongozi

Mruhusu binti naye ajifunze. Mkikubaliana, panga saa za wasichana peke yao, mwalimu mwanamke, na mavazi ya heshima yanayofaa kuogelea. Kocha yeyote wa watoto ajulikane kwa uongozi wa makazi na kwa wazazi, na mtoto asisafiri naye peke yake. Ukiona jambo linalokutia shaka, zungumza na afisa wa ulinzi wa mtoto.

Jihadhari pia na matapeli. Akitokea mtu anayeahidi ufadhili wa michezo, viza au nafasi ya kuhamia nchi ya tatu kwa malipo, usimpe pesa wala nakala ya hati zako. Huduma za UNHCR na washirika wake ni bure. Uanachama wa klabu unaweza kuwa na ada, lakini ada ya kweli ina risiti na ofisi inayojulikana.

Uanze wapi wiki hii?

Tafuta mtu mzima anayejua kuokoa, jipime maswali manne ya sehemu ya kwanza, na uandike majibu kwenye daftari. Kisha nenda kwenye ofisi inayokuhudumia ukahakikishe jina na tarehe yako ya kuzaliwa vimeandikwa sawa. Hatua hizo mbili hazihitaji bwawa, na ukiwa umezimaliza, kocha utakayempata hatalazimika kuanza na wewe kutoka sifuri.